Nyumba ya Mkwe Hainuki

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Kitabu hiki nilipewa na muuza betri mwezi wa kwanza nikakitupa juu ya kabati. Leo nimekitoa kwa sababu yadi yetu ya Mowlem imeingiwa na kitu cha kuandikwa: nyumba yenye injini. Mimi ni fundi wa waya za magari. Nimefungua malori, ambulensi, hata gari la kubeba maiti, lakini gari lenye kitanda na sinki sijawahi. Mafundi waliacha kazi wakaingia kukalia kitanda kwa zamu mpaka tajiri wetu Muasya akawafukuza na spana mkononi.

Mwenyewe ni Magan, mtu wa malori kutoka Eastleigh. Alilinunua kwa Wamarekani waliokuwa wakirudi kwao, na anataka kulala humo akifuata malori yake njiani. Ugonjwa wa gari ni mmoja. Chini ya kitanda kuna konveta, kisanduku kinachopokea stima ya ukutani, kinaishusha iwe saizi ya betri, kisha kinawasha taa na kuchaji betri kwa wakati mmoja. Hiki kimezeeka. Kinachaji bila kujua kuacha, kama mtu anayemimina chai kikombeni huku ameangalia pembeni. Betri imekaa papo hapo kando yake, na bomba la kutolea hewa yake nje limevunjika. Nimemwambia Magan dawa ni kung'oa konveta na chaja yake na kutia mpya. Amesema itatoka Dubai.

"Hii isiwashwe mpaka mpya ifike," nilimwambia Muasya mbele ya watu wote, nikijiona daktari. "Itachemsha betri, imuue mtu."

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 19 Oktoba

Mama yake mke wangu Nekesa amefika kutoka Bungoma. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na hospitali imemwambia angoje kitanda kipatikane wamfanyie upasuaji. Mpango ulikuwa akae kwa shemeji yangu Patrobas, kaka yake Nekesa, kule Mukuru. Lakini mto umeingia kwa Patrobas mpaka kwenye magoti, na yeye mwenyewe sasa analala kiwandani. Kwa hiyo leo jioni amemleta mama hadi kwenye ploti yetu Kayole, akamsimamisha kwenye kordo, mbele ya mlango wetu, nami niko ndani na sahani ya ugali mapajani.

Kwetu mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mkono, hawali pamoja, na wala hawalali chini ya paa moja. Tunaita chisoni. Waswahili nao wana neno soni, yaani aibu, ila la kwetu ni aibu na heshima zilizofungwa kwa kamba moja. Hata jina lake siliandiki hapa.

Chumba chetu ni kimoja na mlango ni mmoja. Nilijifunika gazeti usoni nikatoka ubavuubavu, naye akageukia ukuta, tukapishana hivyo, watu wazima wawili, kama wezi waliokutana dirishani. Nimelala ndani ya lori yadini. Ndimo ninamoandikia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mbeti, mjane anayeuza chai kwenye geti la yadi, ana chumba chake nyuma ya ukuta wetu. Aliposikia habari alisema, "Fundi, si umlete kwangu? Tulale wawili, hata mimi nipate mtu wa kuongea na yeye."

Nilimshukuru, nikasema nitaona. Moyoni nilisema: mkwe wangu alale kwa muuza chai, Bungoma nzima isikie? Na hapo macho yangu yakaangukia ile nyumba ya magurudumu.

Nilipomwomba, Muasya alijikuna shingo. "Magan asijue. Mimi sijaona kitu."

Jumanne, 21 Oktoba

Ameingia leo. Nililiosha gari ndani na nje, nikavuta waya kutoka ukutani, nikaunganisha. Taa nne ziliwaka kwa mpigo. Nilisimama kwa Mbeti nikiangalia madirisha yakimeta kwenye mvua, na Nekesa akimshika mama yake mkono kupanda kangazi ka mlangoni. Haoni vizuri lakini taa anaiona. Nekesa ameniletea maneno yake: hata nyumbani kwa chifu hakujawaka hivi.

Najua nilichosema juu ya ile konveta. Lakini betri ina maji ya kutosha, na ni siku chache tu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua haijakata. Magazeti yameipa jina la Kizungu, El Nino. Mbeti anaiita "hii kitu".

Nekesa aliingia kwa mama yake jana, akakunja pua. "Mama, humu hakunuki?"

Mama akamjibu, "Nyumba ya mkwe hainuki."

Nilicheka sana aliponisimulia. Nimewarudia mafundi maneno hayo mchana kutwa, nikijigamba kwamba mimi ndiye niliyepata mama mkwe wa kweli.

Jumatatu, 3 Novemba

Mbeti amenishika kando. "Wewe fundi, hiyo nyumba yako inanuka mayai imeoza. Nimepelekea mama chai, macho ikaniwasha."

"Ni mtaro," nikasema. "Mvua imefurisha vyoo vya huko nyuma."

Akaniangalia. Anaishi hapa miaka mingi kunishinda, na harufu ya mtaro wake anaijua.

Ijumaa, 7 Novemba

Kitanda kilipatikana hospitalini, na mama akarudishwa. Macho ni mekundu kama pilipili. Daktari amekataa kuyagusa mpaka yatulie, akauliza kama anapika kwa kuni mahali pasipo na dirisha.

"Nikamwambia hapana, daktari, mama analala kwa nyumba ya stima," Nekesa alinisimulia, tena kwa fahari. "Baba Nafula, itakuwa ni vumbi ya basi, eh?"

Nikasema itakuwa ni vumbi. Mtoto wetu Nafula alikuwa mapajani mwangu akinivuta ndevu, nikajifanya ndiye ninayemsikiliza.

Jumatano, 12 Novemba

Boksi la Dubai limefika. Konveta mpya ni ndogo kuliko ile ya zamani, tena nyepesi, na ndani ina akili yake: inapima betri, ikijaa inapunguza, inaacha. Kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Funga stima, toa waya za betri, ng'oa ya zamani, tia mpya, rudisha waya.

Lakini ile ya zamani iko chini ya kitanda, na kitanda ni cha mama mkwe. Siwezi kushika godoro analolalia. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua.

Muasya akauliza, "Si mzigo umefika? Unangoja nini?"

"Mvua ipungue," nikasema. "Mtambo huu haupendi unyevu."

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Boksi liko chini ya meza.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Boksi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeamka na jambo moja na ni afadhali niliandike. Nekesa anaweza kutoa matandiko kwa dakika moja. Mama anaweza kukaa kwa Mbeti asubuhi nzima akinywa chai. Mila haikatazi hata kidogo. Ninachokataa ni kumwambia mke wangu kwamba nyumba niliyomlazia mama yake niliijua ni mbovu tangu mwanzo, na kwamba macho yale si vumbi. Nimejificha nyuma ya chisoni kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

Kesho nitamwambia.

Ijumaa, 21 Novemba

Sijamwambia. Nimemsikia mama akikohoa.

Jumanne, 25 Novemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio, hata kama mkono hautaki.

Nilifika yadini kabla ya wengine. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote na maji yalikuwa yamesimama mpaka kwenye magurudumu ya magari. Harufu niliipata getini. Madirisha ya ile nyumba yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua, vioo vimejaa ukungu kwa ndani, na taa zinafifia, zinawaka, zinafifia tena. Nilipokaribia nikasikia betri ikitokota. Kutokota kweli, kama sufuria ya maharagwe. Betri ikifika hapo imekwisha maji, na hewa inayotoa ni sumu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa. Nikakimbia ukutani nikachomoa plagi. Taa zikazima.

Mama akakohoa ndani, mara moja.

Nikasema, "Hodi." Kimya. Nikakohoa mimi, kama tunavyofanya kwetu ili mtu ajue uko karibu ajisitiri. Kimya. Nikasimama kwenye kangazi nikashika mpini wa mlango. Haukuwa umefungwa kwa ndani. Niliuzungusha nusu, nikausikia ulimi wa kitasa ukitoka.

Nikawaza: atakuwa amelala, hajafunga kitambaa kichwani. Nikawaza: nikimkuta hivyo, nitamwangaliaje Patrobas? Nikangoja akohoe tena, ili nijue ni lazima. Hakukohoa. Nikaona basi ni nafuu, amelala tu, plagi nimeshatoa. Nikauachia mpini taratibu usitoe sauti. Nikaenda Kayole kumwita Nekesa.

Barabara ilikuwa mto. Nyumbani hayupo, ameshatoka na mboga zake. Nikamfuata sokoni, nikamkuta anapanga sukuma wiki, nikamwambia, "Mama yako." Alimkabidhi jirani mtoto, akakimbia bila kuuliza. Njiani nikamweleza vipande vipande, betri, hewa, plagi. Alinipita tu.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa kwa Mbeti. Mama alikuwa amelazwa juu ya magunia mbele ya jiko, kichwa wazi, nywele nyeupe zote nje, mafundi na madereva wa magari wamemzunguka. Mdomo ulikuwa umebadilika rangi. Anapumua, lakini kwa kuvuta. Mbeti alikuwa amepiga magoti kwenye tope akimmwagia macho maji safi kutoka kwenye jagi la chai, kikombe baada ya kikombe. Nekesa akavua leso yake akamfunika mama yake kichwa, akamkumbatia hapo hapo chini.

Mimi nilisimama mbali, nikiwa nimegeuza uso. Ndiyo, hata wakati huo niligeuza uso.

Mbeti akainuka akanijia. Hakupaza sauti. "Nilikuona, Javan. Asubuhi nikifungua kibanda nilikuona kwa mlango, umeshika hendeli. Harufu niliisikia. Nikasema, ah, fundi ameshafika, ataingia amtoe. Nikarudi kuwasha jiko, mpaka nikaona hakuna mtu anatoka, nikaenda kumtoa mimi." Maji yalikuwa yanamchuruzika mikononi. "Ningejua huingii ningekuja mara moja. Mimi sina mambo ya chisoni."

Muasya ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikapu.

Jumatano, 26 Novemba

Yuko hai. Wamemrudisha jioni na dawa ya macho na ya kifua. Nekesa hakuniuliza alale wapi. Amempeleka kwa Mbeti.

Asubuhi nilifunga ile konveta. Nekesa alitoa matandiko ya mama yake, akapita nayo mbele yangu bila kuniangalia. Nikainua ubao wa kitanda.

Kuzunguka sanduku la betri palikuwa na leso ya mama. Ameikunja, akaisokomeza kwenye kila ufa, kwa uangalifu, kama mtu anavyoziba nyumba isipitishe baridi. Asidi imeila matundu kila mahali na maandishi yake hayasomeki tena. Nilipoivuta ikachanika mikononi mwangu.

Kumbe alijua. Mtu asiyeona vizuri alipapasa gizani akatafuta harufu inakotoka, akaipata, akavua nguo yake akaifunika, halafu akapanda kitandani akalala juu yake. Na Nekesa akimuuliza, nyumba ya mkwe hainuki. Alikuwa ananifichia uchi wangu, nami nikacheka na mafundi.

Nililia hapo chini ya kitanda, tochi mdomoni. Kisha nikafunga konveta, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Betri mpya, waya hasi, waya chanya, bomba jipya la hewa. Nikawasha. Ikanguruma kidogo, ikapima, ikachaji, na betri mpya ilipojaa, ikaacha. Ilikuwa haijafika saa nne.

Jumamosi, 29 Novemba

Magan amekuja kuchukua gari lake. Alijaribu taa zote, akafungua friji, akafurahi. "Maashalla, fundi, kazi safi."

Muasya alinikonyeza ninyamaze. Nilishindwa. Nikamwambia Magan nani alikuwa akilala humo na yaliyotokea. Nilitaka anikaripie. Nilimtamani mtu mmoja anitukane kwa sauti.

Alikaa kwenye kangazi. "Mama wa watu unamficha kama magendo? Wallahi, Javan. Dada yangu Nurto ana nyumba nzima Eastleigh, angekaa na yeye mpaka apone. Kwa nini hukuniambia?" Kisha akauliza kama mama anakula vizuri. Akaondoka na gari, na mahali liliposimama pakabaki mraba mkavu, mvua ikaufuta nikiangalia.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Mbeti ananipa chai na kuangalia barabara.

Jumapili, 7 Desemba

Nekesa amesema nami leo, baada ya kanisa. Tangu siku ile ananiita "wewe". Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda chetu, Nafula amelala.

"Mama amekataa nikukasirikie," alisema. "Nimeshindwa, lakini wewe jua hivyo, amekataa. Ameniambia kitu na akasema nisikuambie. Mimi nitakuambia."

Akamfunika Nafula vizuri.

"Alikusikia kwa mlango. Alisikia hodi, akasikia ukikohoa, akasikia kitasa. Hangeweza kusimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Kikohozi kilikuwa kimemshika hapa." Akajigusa koo. "Akauma blanketi akakizuia. Akasema, nikikohoa tena huyu kijana atalazimika kuingia, anikute kichwa wazi, aibu hiyo ataipeleka wapi? Akazuia mpaka akasikia ukiondoka. Ndiyo akaachilia."

Nami nilikuwa upande wa pili wa bati, nikingojea kikohozi kimoja tu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nekesa amepika chapati, sehemu kubwa akapeleka kwa Mbeti, wanakula huko wanawake watatu na mtoto. Mimi niko yadini, namsikia mama mkwe akicheka nyuma ya ukuta. Sikujua kama anacheka kwa sauti nzito hivyo.

Alhamisi, 15 Januari 1998

Kitabu kimefika mwisho, nimerudi kwenye kurasa tupu za Januari iliyopita. Mvua imepungua lakini haijatuacha.

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji, limefunguka vizuri. La kushoto lina kovu juu ya kioo chake. Daktari amesema kovu hilo ni la kuungua, na hata wakiondoa mtoto wa jicho huenda lisione. Aliuliza tena juu ya moshi. Safari hii nilikuwa nimemwambia Nekesa aseme ukweli, naye akasema: ni betri, daktari, mume wangu ni fundi.

Jumamosi, 24 Januari

Ameenda leo.

Patrobas alikuja kumchukua. Nilikuwa kwenye geti la yadi, chini ya gari la mtu, nikasikia sauti zao wakimuaga Mbeti. Nikatoka, nikajifuta mikono, na walipokaribia nikafanya kama inavyotakiwa: nikageukia ukuta nikasimama nimeinamisha kichwa mpaka wapite. Viatu vya Patrobas vikapita. Fimbo ya mama ikaja, ikagonga, ikagonga, ikasimama nyuma yangu.

"Mama, twende, basi itatuacha," Nekesa akasema.

Hakwenda. Mafundi wakaacha nyundo. Mbeti alikuwa kwenye kibanda chake na birika mkononi.

"Baba Nafula."

Miaka sita nimemwoa binti yake na sauti hiyo haijawahi kuelekezwa kwangu. Sikujua niitikie au nikimbie. Nikageuka. Nikamwona usoni, kwa mara ya kwanza: mama mfupi, jicho moja safi likinitazama bila kupepesa, jingine jeupe. Kichwani amefunga leso mpya ya Mbeti.

"Ile nyumba ilinuka," akasema.

Watu wote walikuwa wanasikia. "Ilinuka, mama," nikasema. "Nilijua, kabla hujaingia."

Akainamisha kichwa polepole kukubali, akashika mkono wa mwanawe, wakaenda.